Bwana Msimu, Fundi wa Makochi

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, mafundi aliofanya nao kazi, na ninyi nyote mliotoka makwenu kuja kutusindikizia mtu wetu, familia imemtuma shemeji wa marehemu, mdogo wa mjane wake, awasomee maisha ya huyu ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Msimu. Kabla ya kuanza, ifahamike kwamba katika kikao cha jana wapo walioshauri miaka mitatu ya maisha yake irukwe kimyakimya, kama ifanyikavyo katika historia nyingi za namna hii, ambamo marehemu huzaliwa, husoma, huoa na kufariki bila kumkosea hata jirani, lakini mjane alikataa, akasema ukiiondoa miaka ile utabaki na kazi na watoto, na hivyo kila mtu anavyo. Kwa hiyo itasomwa yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, baba yake seremala na mama yake mshonaji wa mashuka ya hospitali, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo sebule yake ilikuwa karakana mchana na chumba cha wavulana usiku, hata watoto wale walilala wakiwa na vumbi la mbao kwenye nywele na hawakujua kwamba kuna wanaolala vinginevyo. Alibatizwa mwezi Juni mwaka huohuo, na kwa maelezo ya mama yake alilia kuanzia wimbo wa kwanza mpaka baraka ya mwisho. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, akaingia sekondari, akaiacha mwaka wa pili, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu mwaka ule alikuwa ameshikwa na baiskeli za mashindano, na baiskeli ilipomchosha akaitundika ukutani na kukumbuka shule, nafasi yake darasani ilikuwa imeshapata mwenyewe. Mwaka 1968 baba yake alimpeleka chuo cha ufundi, akahitimu mwezi Novemba 1970 kama fundi wa makochi.

Jina la Bwana Msimu alipewa na mafundi wenzake, nalo lilimkaa sawasawa, kwani baada ya baiskeli walikuja njiwa, akawajengea nyumba ya ghorofa mbili wakati yeye mwenyewe amepanga chumba kimoja, na baada ya njiwa likaja gitaa, alilojifunza nyimbo mbili tu, majirani wakazijua zote mbili, na baada ya gitaa ikaja kamera, iliyoiachia familia picha nyingi za watu wasio na vichwa. Hakuwa mnafiki, hilo lisemwe wazi, kila kimoja alikipenda kwa moyo wote, na wakati wa njiwa usingeweza kumweleza habari ya kitu kisicho na mabawa akakusikiliza. Shida ilikuwa kwamba akishakipata kitu, akakijua, akakizoea, basi kilikufa mikononi mwake, naye alishangaa kama anavyoshangaa mtu aliyeamka akakuta moto wa jana umezimika.

Tarehe 19 Juni 1976 alifunga ndoa kanisani na msichana aliyekuwa muuzaji katika duka la vitambaa, ambaye alimpendea jinsi alivyokuwa akipima kitambaa bila kuongeza wala kupunja hata unyoya. Upande wa bibi harusi ulikuwa na wasiwasi, si wa siri, kwani habari za njiwa zilikuwa zimeshafika, na binti mwenyewe alimuuliza mapema atafanya nini siku akichoka, naye akajibu kwamba hatachoka, jibu ambalo hutolewa na kila mtu aliyesimama mahali pale. Walijaliwa mtoto wa kiume mwaka 1977, wa kike mwaka 1980 na wa kiume tena mwaka 1985, na katikati ya hapo marehemu alifungua karakana yake, chumba kirefu chenye mlango wa mbele wa mtaani na mlango wa nyuma wa kuingilia nyumbani, kikinuka gundi na sponji mpya.

Sasa ile miaka. Mwezi Mei 1987 mwanamke mwenye saluni ya mtaa wa pili alileta viti sita vivishwe kitambaa chekundu, kazi ya siku tatu, na marehemu aliifanya mwezi mzima, akivirudisha kimoja kimoja. Mwezi Agosti alifungasha nguo zake na nyundo yake mpya, akahama. Hakuna haja ya kuremba, penzi lilimshika kama vilivyomshika vingine vyote, ila safari hii walioachwa ukutani walikuwa watu, mke na watoto watatu, na mdogo kati yao alikuwa hajaweza kufunga kamba za viatu.

Mkewe hakwenda kufanya fujo saluni, ingawa wapo ndugu waliojitolea kumsindikiza, na anayesoma hapa alikuwa wa kwanza. Alifungua karakana kesho yake, akayamalizia makochi yaliyokuwa yamevuliwa nguo, akajifunza kuvuta kitambaa, kukaza springi na kushika misumari midogo mdomoni kama mafundi, na wateja waliokuja kumuulizia fundi waliambiwa kwamba fundi ndiye huyu. Jioni alisali na watoto, akamtaja baba yao kila siku, na mtoto wa kwanza alipogoma kulitaja jina lile, mama yake alimwambia, "Kukasirika kasirika tu, hata mimi nimekasirika, lakini jina lake lisirukwe."

Upande wa pili mambo hayakuvunjika kwa kelele. Yalianza kwa muziki na nguo mpya, yakaishia kwa watu wawili waliokaa kimya jikoni wakingoja maji yachemke, mpaka siku moja mwanamke yule, ambaye familia haina kinyongo naye, akamwambia, "Nenda kwako. Wewe umeshachoka, na mimi nimechoka kukutazama umechoka." Mwezi Februari 1990, asubuhi, marehemu alisimama kwenye mlango wa karakana akiwa na begi, akaanza hotuba aliyoiandaa njia nzima, na mkewe hakumjibu, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa misumari, akamwonyesha tu kwa nyundo kochi lililokosa mguu wa nyuma. Marehemu aliweka begi chini akaanza kazi. Usiku alilala palepale karakanani, juu ya makochi ya watu, akihama kutoka moja hadi jingine kadiri wenyewe walivyokuja kuyachukua, na chakula chake kiliwekwa juu ya meza ya kukatia vitambaa bila maneno.

Alipojipeleka kanisani, baraza la wazee lilimtenga na Meza ya Bwana kwa muda usiotajwa, na wakati ule waliotengwa walikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, wakitazama wenzao wakienda mbele. Jumapili ya kwanza ya Meza alikuwa peke yake pale nyuma. Safu ziliinuka moja baada ya nyingine, ikafika safu ya tatu, mkewe akainuka pamoja na kina mama wenzake, akatoka kwenye benchi, na badala ya kugeukia madhabahu akageukia mlango, kanisa zima likageuza shingo, wengi tukidhani ameshindwa kuvumilia anaondoka zake. Alipofika nyuma alimwambia mumewe, kwa sauti waliyoisikia wa mabenchi ya karibu, "Sogea kidogo. Na usidhani nimekusamehe." Akakaa.

Alikaa pale kila Jumapili ya Meza, yeye asiye na kosa, na mchungaji wa wakati ule alipokwenda nyumbani kumsihi asijinyime, alimjibu kwa heshima zote kwamba kwao hakufundishwa kula huku mtu wa nyumba yake anamtazama. Marehemu alisema baadaye kwamba matusi angeyamudu, hata kipigo cha mashemeji alikuwa amejiandaa nacho, lakini mwanamke yule kukaa kando yake bila kumsemesha kulimwonyesha kitu ambacho hakuwahi kukiona katika mambo yote aliyoyapenda, kwani mkewe hakuwa na hamu hata kidogo ya kukaa pale, na alikaa. Mwezi Septemba 1991 alirejeshwa, wakaenda mbele wawili. Nyumbani kwake kuliendelea kuwa karakanani mpaka jioni moja ya mwaka uliofuata, mkewe aliposema kupitia mlango wa nyuma, "Kochi hilo linachukuliwa kesho. Lete mto wako ndani." Tarehe 3 Aprili 1994 walijaliwa kitindamimba wao, binti.

Waumini walimpa miaka miwili, wakisema na kanisa nalo ni msimu, atalichoka. Yeye mwenyewe hakuwa na uhakika, aliwahi kukiri mbele ya kikundi cha wanaume kwamba kila kitu alichokipenda kilikuja kwa kishindo, na imani hii haikuja na kishindo chochote, "Nangoja iishe, nami nashangaa, haiishi." Alisali asubuhi kabla ya kufungua karakana, akawatembelea wagonjwa, akawatengenezea wazee viti bila kuwadai, akaketi na kila aliyetengwa baada yake mpaka utaratibu ule ulipoondolewa. Hakununua tena kamera wala njiwa, ingawa mwaka 2005 alionekana akilitazama gitaa la mtu kwa jicho ambalo mkewe hakulipenda.

Mwezi Oktoba 2022 alianza kukohoa, vumbi la sponji za zamani na harufu ya gundi vikiwa vimeshafanya kazi yao, akatibiwa, akapata nafuu, akalazwa tena mwezi wa kumi mwaka 2023. Huko wodini, mchana mmoja, alimuuliza mkewe jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kuliuliza tangu benchi la nyuma, yaani kama alishamsamehe, kwa sababu miaka yote ile neno lenyewe halikuwahi kutamkwa. Mkewe alicheka, akamuuliza, "Na huyu kitindamimba ulidhani nilimpata kwa hasira?" Lakini mgonjwa alishikilia kwamba anataka kulisikia kwa mdomo, na hapo mjane, ambaye ameruhusu haya yasomwe, alimwambia ukweli wake, "Wewe kila ulichopata ulikichoka. Nilikusamehe zamani, nikaogopa kukupa, nikasema hiki nisikupe chote kwa mkupuo. Haya, nimekusamehe. Kichoke sasa, nikuone."

Hakukichoka. Kila asubuhi mkewe alipofika na chupa ya uji, alitaka aambiwe tena, kabla hata ya salamu, naye aliambiwa, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakazoea. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2023, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu sita.

Familia inawashukuru madaktari walioyahudumia mapafu yale kwa bidii na kutueleza ukweli bila kuzungukazunguka, majirani waliotupikia na kutulazia wageni, mafundi wenzake waliolipamba jeneza kwa mikono yao bila kumwachia fundi mwingine, mchungaji na wazee wa kanisa. Kwa namna ya pekee inamshukuru muuguzi wa zamu ya asubuhi ile, aliyeombwa na mgonjwa amwambie lile neno wakati mjane akiwa bado njiani, na ambaye, bila kujua ni kosa gani wala la lini, alimshika mkono akamwambia, "Umesamehewa, baba."

Shemeji, pumzika.