Marehemu Yuko Mazoezini

Jirani yake Kusum anadai kwamba Jumatatu aliiona picha ya Vasantrao, mumewe Kusum, ikitolewa nje imevikwa shada la maua, akaangua kilio mpaka mtaa mzima ukavaa nyeupe ya msiba. Leo Kusum yuko kwenye behewa la wanawake, treni ya kwenda Dadar, picha hiyohiyo na shada lake mapajani, na mama mmoja asiyemjua anamkodolea macho.

"Pole, mwanangu. Lakini mjane na alama nyekundu ya wenye waume kwenye paji la uso? Na bangili za kijani?"

"Mume wangu hajafa, mama. Ni mwigizaji."

"Kwani waigizaji hawafi?"

"Wangu hufa kila wiki! Jukwaani alikuwa mfalme, sauti inafika mpaka barabarani. Kwenye filamu wakamfanya baba wa bibi harusi, afe kabla ya mapumziko. Siku hizi hata kufa hawamwiti. Wanaazima picha tu, kama hii Jumatatu, bibi harusi aililie."

Mama akacheka, kisha akaigusa picha kwa adabu, maana shada ni shada.

"Jumamosi anarudi jukwaani baada ya miaka kumi na mmoja," Kusum akasema. "Na mtaa mzima umerudisha tiketi! Wanamwona barazani anakunywa chai, lakini eti wameshaoga maji ya kujitakasa na msiba wake, kumpigia makofi ni mkosi. Atamwigizia nani, viti?"

Treni ikapunguza mwendo, wanawake wakaanza kusukumana mlangoni.

"Wewe hukuoga, mama. Njoo basi, ukae mstari wa mbele. Utakuja?"

Mama alikuwa amefumba macho, anaiombea roho ya Vasantrao safari njema.