Kufuli la Barua ya Lynnet

Kwenye benchi la Monari pale Rongo, kando ya kibanda cha simu, kahawa ilianza kumiminwa saa tatu asubuhi, na saa tatu na dakika tano ukweli ulikuwa umeshatiwa maji. Monari mwenyewe alishuka kutoka Kisii na birika lake, akabaki. Wateja wake wa kudumu walikuwa wawili. Mmoja ni Mzee Wangwe, karani mstaafu wa korti, aliyeitwa Jaji kwa sababu hakuwahi kuwa jaji. Wa pili ni Maurice, fundi wa redio, aliyeitwa Antena kwa kuwa kila habari ilimpitia yeye kwanza.

Lynnet alifika mbio Alhamisi moja ya mwaka 1999. Alikuwa likizoni kutoka chuo cha Kisumu alikosomea kompyuta. Mwalimu wao alikuwa amewaonya kwamba siku hizi anayetafuta kazi bila anwani ya barua pepe anajisumbua. Akafungua yake, akaomba nafasi ya mafunzo katika kampuni fulani ya bima, kisha akafanya kosa la mtu wa Rongo. Kwao anayekwenda posta hufungua sanduku la kanisa, akawaletea wote barua zao. Basi Antena alipokwenda Kisumu Jumanne kununua spea, Lynnet alimwandikia neno la siri kwenye karatasi, kama anayempa ufunguo wa sanduku.

Na kweli, barua ilikuwa imeletwa. Ilikuwa pale benchini, imechapwa, na kikombe cha Jaji kiko juu yake.

– Hii si barua, Jaji alikuwa akisema. Haina stempu, haina sahihi. Kortini hii ingetupwa.

– Omera, ndugu yangu, Antena alijibu, imepita kwa waya ya simu. Stempu utabandika wapi?

– Kama ni waya, Jaji alisema, ile ya kule Rodi Kopany imeanguka tangu Krismasi. Barua za watu zinamwagika huko kwa mahindi.

– Sasa nimeelewa, Monari alisema. Ndiyo maana ndege hukaa kwa waya wakanyamaza. Wanasoma.

– Wahenga walisema, Jaji alidakia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii ilikaa hewani siku tatu. Hiyo tayari ni mali ya serikali.

Lynnet alikiinua kikombe. Barua ilisema kampuni ingefurahi kumwona kwa mahojiano siku ya... na hapo palikuwa na duara la kahawa, wino umetiririka wote. Darasa zima liliomba nafasi hiyo moja.

– Antena, ni siku gani? Wewe ulisoma.

– Niliona jina lako, nyathina, mwanangu, nikafurahi. Sikuendelea.

Lynnet alitamani kulia. Kisha akakumbuka somo la wiki ya kwanza: karatasi ni nakala tu, barua yenyewe ingali kule kule. Aliingia kibandani, akatia sarafu zake zote, akampigia Liz wa duka la intaneti la Kisumu, akamtajia neno la siri. Liz alibonyeza, akabonyeza tena, akasema linakataa.

Benchini, Antena alikohoa.

– Nilibadilisha.

– Ulibadilisha nini? Lynnet aliuliza, simu ingali sikioni.

– Kufuli. Ufunguo ukishashikwa na watu wawili, unabadilisha kufuli. Hiyo hata mamangu anajua.

– Sawa. Neno jipya ni gani?

Antena alikazia macho viatu vyake. Alisema angemwambia jioni. Lynnet alisema jioni hana sarafu, na pengine mahojiano ni kesho. Antena akasema basi angemwandikia, halafu hakuichukua kalamu aliyopewa na Jaji. Monari alikisia ni tusi. Jaji alikisia ni siri ya jeshi, akasema mficha uchi hazai, na kwa mara ya kwanza mwaka huo hakuna aliyeweza kumkosoa.

Nyuma ya Lynnet alikuwa amesimama mwanamke anayengoja simu, Phelesia, muuza samaki wa omena kutoka Sori, sarafu zimo kiganjani. Hakuwa mtu wa benchi wala hakuwa na muda wa kupoteza.

– Kwani ni neno gani hilo, mtu mzima anashindwa kusema?

Antena alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Alimtazama Lynnet na ile barua iliyolowa mkononi mwake, akasimama.

– Phelesia, alisema.

– Naam?

– Hapana. Ndilo neno lenyewe.

Monari alimwaga kahawa nje ya kikombe. Lynnet aliona uso wa fundi umelowa jasho, akamhurumia kwa dhati, lakini alimtajia Liz herufi moja moja.

– Imefunguka, Liz alisema, na hapo hapo simu ikaanza kulia ikitaka sarafu.

Mkono ulipita juu ya bega la Lynnet. Phelesia alitia sarafu yake ya kwanza, akatia na ya pili.

– Mwambie asome polepole, alisema.

Mahojiano yalikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Lynnet aliiandika kiganjani huku akicheka kwa furaha, akaapa moyoni kwamba Jumatatu hiyo hiyo angejiwekea neno lake mwenyewe na asimwambie mtu. Aliporudi benchini, birika lilikuwa tupu na Jaji hakuwa na methali. Phelesia alikuwa bado hajapiga simu yake.

– Na hiyo kufuli, Maurice, alikuwa akisema, usibadilishe tena.