Kutoka Visima vya Turkana hadi Hyattsville: Wakili Elkanah Cheruiyot Anastaafu

Baada ya miaka kumi na saba katika ofisi yetu ya msaada wa sheria hapa Hyattsville, Wakili Elkanah Cheruiyot anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2008. Sisi wa mapokezi tumeombwa tuandike machache. Tunajua wengi wenu mnataka kusikia jambo moja tu: je, anarudi Kitale alikojengewa nyumba na ndugu zake, au anabaki Maryland alikomzika mkewe? Jibu mtalipata, lakini someni kwanza historia. Mzee mwenyewe hakupenda kabisa mteja anayeruka maelezo.

Alisomea sheria kwao Kenya, na wenzake walipokuwa wakigombania Nairobi na Mombasa, yeye akaenda kufungua ofisi Lodwar, kaskazini kabisa, mahali ambapo watumishi wengi walipelekwa kwa adhabu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la sukari. Hakimu alikuja kwa Land Rover, mto ukimruhusu, na Mzee alimfuata kituo hadi kituo juu ya lori la ngozi za mbuzi, joho lake jeusi akiwa amelifunga ndani ya mfuko wa plastiki lisinuke. Lilinuka vilevile. Kesi zilikuwa za ngamia na visima, na malipo yalikuja kwa miguu minne. Marehemu Mama Anna, ambaye wakati huo alikuwa muuguzi wa misheni, alizoea kusema kwamba aliolewa na wakili akajikuta mke wa mfugaji.

Kwenye mashauri ya visima ndiko alikoipata kanuni yake. Wafugaji walikuwa na utaratibu wao: kila mtu anasema mara moja, na akishakaa, amekaa. Hakuna kuinuka tena kuongeza la pembeni. Mtu alipima maneno yake kwanza, ndipo akasimama.

Watu wa Turkana wakamchagua diwani, kisha akawa mwenyekiti wa halmashauri. Hadi leo anasifia lambo moja la maji kuliko anavyosifia digrii yake. Halafu ukaja uchaguzi wa mlolongo wa 1988, watu wakajipanga nyuma ya picha ya wanayemtaka. Mlolongo wa Mzee ulizunguka kinu cha posho na kurudi. Mlolongo mfupi ndio uliotangazwa mshindi. Vijana wakaja na mikuki usoni pa mwenyekiti wao wakitaka amri. Aliwaambia, "Mimi ndiye niliyeshindwa, ng'ombe wenu hawajashindwa. Kawanywesheni." Wakaondoka. Mwaka uliofuata yeye na Mama Anna, na binti yao mdogo Audrey, wakawa Maryland.

Hapa wakili akabeba maboksi kwenye ghala moja la Beltsville. Mwaka 1991 ofisi hii ikamwajiri kuwa mkalimani. Alisoma upya, akafanya mtihani wa uwakili, akaanguka. Akafanya tena, akaanguka tena, akasema mtihani una tabia ya punda. Mara ya tatu akapita. Siku yake ya kwanza mahakamani alivaa lile joho la Lodwar na vitambaa vyeupe shingoni, kama walivyofundishwa nyumbani, akamwinamia hakimu. Askari wa mahakama akamshika mkono kwa heshima na kumwomba asubiri nje na jamaa za mshtakiwa. Alidhani ni padri aliyekuja kuwafariji. Mzee anasema aliwafariji kwanza, ndipo akarudi ndani kutetea.

Kazi zake kubwa mnazijua, mmo humu mliosimamiwa naye. Tumtaje Leokadia peke yake, anayetunza wazee kule Temple Hills. Alikaribia kurudishwa Tanzania na kuwaacha watoto wake hapa. Mzee aliishikilia kesi ile mpaka Leokadia akapata kibali, na leo ndiye mwenyekiti wa kikao cha Jumamosi.

Kikao hicho ni cha Mzee. Wenye ugomvi wa nyumba, ndoa au mazishi huja kwetu kabla ya kwenda kortini, na kanuni ya kisimani inashika: unasema mara moja. Ukiinuka mara ya pili, unakwenda kupika chai ya watu wote. Method, dereva wa teksi, amepika sana. Chai yake sasa inatafutwa.

Mama Anna alifariki majira ya baridi ya 2006, na mwenyewe aliomba azikwe hapa, karibu na anapoishi mjukuu wake Ethan, mwana wa Audrey. Tangu hapo Mzee hajakosa Jumapili hata moja makaburini. Mashauri ya kubaki au kurudi aliwaamulia wengine bila kusitasita, lake likamshinda. Mwezi uliopita akaleta shauri lake kikaoni, akaketi kwenye kiti cha plastiki kama mlalamikaji yeyote. Mzee Khalfan wa Unguja hakuiacha nafasi: "Haya, bwana wakili, leo nawe umo! Kaa vizuri, tukusikilize."

Tobias, mdogo wake wakili, alisema kwa simu kutoka Kitale kwamba nyumba ina paa, ina maji, na inaanza kuzoea kukaa bila mtu. Mzee akasimama, akapanga hoja zake kama wakili: ardhi, ukoo, umri, baridi ya huku. Safi kabisa. Akakaa. Kisha, kabla Leokadia hajafungua mdomo, akainuka tena na kuuliza, "Sasa Anna nimwache na nani?"

Method alimletea birika. Mzee akalipokea, akaenda kupika. Akiwa bado jikoni, Audrey, ambaye alikuwa hajasema kwenye kikao tangu kianze, alisimama na kusema kwa Kiingereza chake cha Beltsville kwamba Mama hayuko peke yake, ana binti. Ethan akadakia kwamba ana mjukuu pia. Chai ilipofika, Leokadia akatoa uamuzi: "Mzee, hoja zako za kwanza hatukuzisikia sana. Tumesikia swali. Swali lina watu wa kulijibu. Nenda nyumbani."

Basi anakwenda. Ndege ni Jumatano. Mzee, asante kwa subira yako, kwa ukali wako wa kusoma kila karatasi mara mbili, na kwa kubeba watoto wetu siku tulizokosa wa kuwaachia. Tafadhali usipige simu kila asubuhi kuuliza kesi, tutazimaliza. Mungu akupe siku ndefu na nyepesi huko Kitale, na usingizi usio na simu za wateja. Makaburini, Jumapili ya kwanza baada ya ndege yako kuondoka ni zamu ya Audrey na Ethan. Inayofuata ni ya mapokezi, na maua tumeshaagiza.