Jembe Lililopokelewa Mbele ya Kamera

Ndugu zangu vijana, na wazazi mliobaki baada ya ibada ili mtusikilize, nawashukuru. Kiongozi wetu aliponiomba nishuhudie leo, nilimjibu ndiyo papo hapo, nikaanza kujuta kabla hajakata simu. Mwanzo wa ushuhuda huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Mmoja niliuona wa kujisifu, mwingine wa kujililia. Basi nimeamua kuanza na lile mnalolijua wote: mimi ndiye yule mke wa mwalimu kwenye tamthilia ya familia mnayoiangalia nyumbani. Kuna mama hapa mlangoni ameniuliza asubuhi kama mama mkwe wangu ameshaacha kunisumbua. Nikamwambia bado, mama, subiri wiki ijayo.

Sitataja jina la mtu. Wahusika wako hai, na wengine watanipigia simu jioni.

Nilimaliza chuo nikiwa na shahada ya ualimu na kichwa kisichopumzika. Mtu akiniandikia "sawa," mimi nakaa naitafakari hiyo sawa. Mbona jana aliandika "sawa mpenzi"? Nikienda kwenye usaili najibu maswali vizuri, halafu narudi nyumbani nayajibu upya huku nafua. Nilikuwa naishi Kalenga kwa baba mdogo, ambaye ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki. Nilifundisha watoto wa majirani, nikalima naye mahindi, nikasubiri ajira.

Siku moja nikasikia kuna watu wa tamthilia wamefika Iringa mjini wanatafuta waigizaji. Nilikwenda kwa sababu rafiki yangu aliogopa kwenda peke yake. Yeye hakuchukuliwa. Mimi nikachukuliwa. Mwongozaji alisema nina uso wa mtu mwenye wasiwasi, na ndio aliokuwa anautafuta kwa bibi harusi wake. Nawaambia, ilikuwa mara ya kwanza wasiwasi wangu kunipa kitu.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, kijana wa Ubaruku, fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Ni mtu mpole wa maneno machache. Baba yake alishakuja naye Kalenga kujitambulisha, akala na baba mdogo, wakaelewana. Ilibaki posa yenyewe.

Hapa wale wasiotoka kwetu wanivumilie kidogo. Kwetu Wahehe posa haikamiliki kwa maneno. Mshenga wa upande wa kijana analeta jembe, analiweka chini mbele ya wazee wa binti. Binti anaitwa, anaulizwa: tulipokee? Akisema lipokeeni, mzee wake analiokota, na kuanzia hapo binti ana mwenyewe. Siku hizi mambo mengine yamebadilika, lakini jembe kwetu bado lina uzito wake.

Mwongozaji wetu ni mtu anayetaka kila kitu kiwe cha kweli. Aliposikia habari ya jembe, akataka mwalimu wa kwenye tamthilia anipose hivyo hivyo, na tukio lirekodiwe Kalenga, kwenye nyumba ya watu. Nikatoa nyumba yetu. Siku yenyewe, mzee aliyepangwa kuigiza baba yangu akaharibikiwa na gari njiani. Jua linashuka, mwongozaji ameshika kichwa. Baba mdogo alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda chake, anatuangalia. Mwongozaji akageuka, akamwangalia yeye.

Mnaona inakoelekea.

Baba mdogo akaingia ndani, akatoka na koti lake la kanisani. Jembe likawekwa chini, akaniuliza kama inavyopaswa, nikajibu, akaliokota. Alifanya vizuri kuliko sisi tunaolipwa. Watu wakapiga makofi, wakafungasha vifaa vyao, wakaondoka, na jembe wakalisahau. Baba mdogo akaona ni jembe zuri, akalitia mpini mwingine, akapalilia nalo msimu mzima.

Jioni ile ile nilimpigia mchumba wangu nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Naomba hilo mlishike: nilimweleza, naye akacheka.

Kipande kile kilirushwa baadaye sana. Wakati huo kazi ilishahamia Mbeya, nimepanga chumba hapa Iyunga. Kule Ubaruku familia nzima huangalia tamthilia yetu pamoja. Ilipofika posa, baba yake mchumba wangu alisogea mbele, akatazama mpaka mwisho, akainuka akazima televisheni. Kesho yake akamwambia mshenga wake asiende tena Kalenga.

Nilipanda gari kwenda kumwona. Njia nzima nilikuwa napanga jinsi ya kumweleza kwamba ni maigizo. Alinipokea vizuri, nikapewa wali wa shambani kwao, na nilipomaliza kunawa ndipo akaanza.

"Mwanangu, usinione mjinga. Yule kijana anaigiza, najua. Na wewe unaigiza, najua. Baba yako mdogo naye ni mwigizaji?"

Nikasema hapana, baba.

"Ile nyumba ni ya kuigizia?"

"Hapana, baba."

"Na jembe liko wapi sasa hivi?"

Ndugu zangu, jembe lilikuwa shambani.

Mzee huyu mama yake alikuwa Mhehe, kwa hiyo desturi anaijua. Hakunifokea. Alisema tu kwamba hawezi kupeleka jembe la mwanawe likalale juu ya jembe la mwanaume mwingine. Nikamgeukia mchumba wangu, maana yeye alijua kila kitu tangu siku ya kwanza. Alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Nilirudi Mbeya na ule ukimya wake. Ya mzee niliyaelewa. Ukimya wa yule kijana ndio ulionimaliza.

Nikiwa katika hali hiyo, mwongozaji naye akaniita. Waandishi walikuwa wanaandaa msimu mpya na walikuwa na njia mbili: mke wa mwalimu apate mtoto, au afe kwa ajali ya bodaboda. Alikuwa amesikia fununu kwamba nataka kuacha. Akaniambia bila ubaya wowote, "Dada, nipe jibu mapema, nijue nakuzalisha au nakuzika."

Hapo kichwa changu kikapata kazi kiliyokuwa kinaitamani siku zote. Nikiacha tamthilia narudi kusubiri ajira. Nikibaki, namkosa mchumba. Je, nikiacha halafu asinichukue? Na je, akinichukua halafu nije nimlaumu maisha yangu yote kwa kazi niliyoiacha? Na mtu aliyeshindwa kunisemea neno moja mbele ya baba yake, atanisemea lini? Nilikuwa nazunguka humo hata wakati kamera inawaka. Siku moja nilitakiwa kuingia na sinia na kusema, "Karibu chai, baba." Basi, hayo tu. Vikombe vikaanguka, na yale maneno matatu sikuyapata. Tukarudia. Sikuyapata. Watu wote wananisubiri, taa zinaniwakia usoni, na mimi nalia mbele ya mzee niliyepaswa kumkaribisha chai.

Nikaambiwa nikapumzike. Sikupumzika. Nilifunga pazia, nikazima simu, nikalala nikiangalia ukuta. Mama mwenye nyumba alikuwa ananiletea uji, anauacha mlangoni, anaukuta umepoa, anauondoa bila kuniuliza kitu. Sikuwa na hamu ya kuoga wala kuongea. Sala yangu ilikuwa moja: Mungu anibadilishie kichwa. Walio hapa waliowahi kufika huko wanajua ninachosema, na hawahitaji nieleze zaidi.

Aliyenitoa humo ni mke wa yule mwigizaji anayeigiza mume wangu. Ni dada wa Kiislamu, anauza vitenge hapa mjini, na tangu tujuane utani wake kwangu ni mmoja. Aliingia, akavuta pazia, akasimama mikono kiunoni.

"Hujambo, mke mwenzangu."

Nikacheka bila kutaka. Halafu nikalia, halafu nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakunja nguo zangu zilizokuwa zimetapakaa kitandani. Nilipomaliza akaniuliza, "Yule mwanaume ni wangu au siyo wangu?"

"Ni wako, dada."

"Basi jembe alilolitoa ni langu. Nalidai. Utanipeleka Kalenga."

Nikaanza: je, baba mdogo akiona aibu? Je, mzee wa Ubaruku akiona tunamfanyia mchezo mwingine? Akaniambia nikaoge, na hizo je zangu nizilete kwenye gari, tuna safari ndefu. Akaomba namba ya mzee, akampigia yeye mwenyewe. Akamwamkia kwa adabu, akajitambulisha kuwa ni mke wa yule mwalimu wa kwenye televisheni, na kwamba anakwenda Kalenga kurudishiwa kilichotoka nyumbani kwake, kwa hiyo anaomba shahidi kutoka upande wa wakwe. Halafu mzee akasema atakuja mwenyewe.

Njiani nilimwuliza je zangu zote. Nyingine alizijibu. Nyingine alisema, "Hiyo sijui, lete inayofuata." Sijawahi kupumzika kama kwenye safari ile. Mumewe alikuwa anaendesha, na alituomba ruhusa ya kucheka mara moja tu.

Tulipofika, mzee na mwanawe walikuwa wameshakaa. Baba mdogo alikuwa amevaa koti lile lile. Jembe alikuwa ameliosha, lakini lilikuwa limeshaliwa na udongo, na mzee akaligeuza mkononi akasema, "Hili limefanya kazi." Baba mdogo akajibu kwamba mahindi ya mwaka huu yamekuwa mazuri sana. Wakatazamana, wakacheka kidogo, halafu uso wa mzee ukarudi mahali pake. Jembe likawekwa chini. Baba mdogo akaniuliza, "Mwanangu, tulirudishe?"

Siku ile ya kamera niliambiwa cha kusema. Hapa hakuna aliyeniandikia. Nilisikia kichwa changu kinaanza kuzunguka, na kwa mara ya kwanza sikukisubiri kimalize.

"Lirudisheni," nikasema. "Halikuwa langu. Lakini kazi ni yangu, na ninaendelea nayo. Atakayeleta jembe lingine alilete akijua hilo."

Sikuwa nimepanga kusema hayo ya pili. Nilimwona baba mdogo ananyoosha mgongo. Mzee alinitazama kwa muda, na mimi sikuinamisha macho, ingawa najua kwa mkwe inapaswa. Ndipo mchumba wangu akasimama.

"Baba," akasema, "mimi nilijua habari za jembe tangu siku ile ile. Alinieleza. Nilipaswa kusema pale nyumbani, nikakuogopa. Kosa la kunyamaza ni langu, siyo lake."

Mtu mpole akisimama namna hiyo, watu wanamsikia. Mzee alimwambia akae. Halafu akanigeukia mimi. "Mwanangu, kuna siku nilikukataza kazi?" Nikafikiria. Kumbe hajawahi. Nilikuwa nimejikataza mwenyewe kwa niaba yake. "Nilichokataa ni jembe la mtu," akasema. "Sasa limeondoka."

Baba mdogo akaliokota, akamkabidhi dada yule kwa mikono miwili. Dada akalipokea kwa kupiga goti, akasema kuanzia leo mumewe asipose tena bila kumwuliza. Hapo hata mzee alishindwa kujizuia. Tukala pamoja. Kabla ya kuondoka, mzee alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mke wa mwalimu atakufa, maana jirani yake ndivyo anavyodai. Nikamwambia, "Hafi, baba. Anapata mtoto." Akaonekana kuridhika.

Nilirudi kazini Jumatatu. Nilimwambia mwongozaji anizalishe, nikaomba lile tukio la chai turudie. Nilisema maneno yangu yote, na sinia likafika mezani salama. Mshenga wa Ubaruku naye alifika Kalenga. Safari hii hapakuwa na kamera, na baba mdogo alihakikisha hilo kwa kuzunguka nyumba nzima.

Ndugu zangu, naona fahari kusimama hapa. Sijapona wasiwasi. Asubuhi hii mchumba wangu ameniandikia "sawa" na nimeitafakari kidogo. Tofauti ni kwamba nikishaitafakari sasa nampigia namwuliza. Namshukuru Mungu. Namshukuru mama mwenye nyumba kwa uji niliokuwa siunywi. Namshukuru yule dada, ambaye leo ameniambia yuko sokoni lakini roho yake iko hapa. Nawashukuru wazee wangu wawili, aliyeliokota jembe na aliyelikataa, kwa sababu wote walinichukulia kwa uzito.

Na kama kuna mwenzangu hapa anayezunguka kichwani mwake, sitakwambia uache kufikiri. Nimeambiwa hivyo maisha yangu yote na haikusaidia. Nakwambia usifikiri peke yako. Yale unayowajibia watu kichwani mwako, nenda ukawaulize wenyewe. Nilikuwa karibu kutupa kazi na mume kwa sababu ya katazo ambalo hakuna mtu aliyelitoa.

Ndoa yetu itatangazwa hapa kanisani Jumapili ijayo, na wote mmealikwa. Sasa naomba nikae. Mmenisikia mpaka mwisho, na nimesema nilichotaka kusema.