Kura ya Wangechi

Gari lilikuwa limetoka Nakuru mjini, na Waithera alikuwa amekaa nyuma ya kijana na mama mmoja wasiojuana, wakibishana juu ya binti yake bila kujua mama mtu yuko hapo.

"Mathe, Wangechi ana miaka kumi na sita na tayari ni pro wa pool," kijana alisema. "Jumamosi aliwashinda wanawake wote, hata mabingwa."

"Hiyo pool ya kugonga mipira mezani ni mambo ya baa, kijana wangu. Ndiyo maana kanisani kwao walipiga kura atolewe kwaya."

"Na mamake alinyamaza tu?"

"Anyamaze? Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono."

Waithera alingoja waongeze chumvi, hawakuongeza. Gari likasimama Lanet. Akashuka, akishikilia mlango kwa mkono uleule aliouinua kanisani.