Fundi Kicheko na Waraka Aliouomba Mwenyewe

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Mwenye kazi mkononi aendelee nayo taratibu, maana tunayemkumbuka leo hakuwahi kukaa mikono mitupu. Tunamkumbuka fundi cherehani mmoja, mwanamke, kiziwi tangu utotoni. Mtaani walimwita Fundi Kicheko. Amefariki hospitalini kwa kidole tumbo, ugonjwa ambao daktari huumaliza upesi akiuwahi. Siku ile daktari alikuwepo. Chumba cha upasuaji kilikuwa wazi. Na fundi mwenyewe alikuwa kitandani, akili zake timamu, anataka kupasuliwa. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Jina la Kicheko alilipata kwa haki. Kwa kuwa hakuisikia sauti yake, hakujua kuipunguza. Akicheka barazani kwake, watu wa ng'ambo ya barabara wanageuka. Siku moja mdogo wake alimweleza, kwa adabu tu, kwamba kicheko chake kinafika mbali mno. Fundi akamjibu kwa mikono kwamba kama kinawakera, nao wazibe masikio, waonje.

Masikio yake yalichukuliwa na homa, akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mdogo wake alipozaliwa, alimkuta dada mtu anasema kwa vidole na uso. Mama yao ametusimulia hivi: "Yule mdogo alidhani ndivyo watu wanavyosema. Aliniomba maji kwa mkono kabla hajajua kuyatamka."

Basi wakakua hivyo, mmoja masikio ya mwenzake. Sokoni mdogo anauliza bei, mkubwa anakunja uso kumwambia asikubali. Mkubwa alipojifunza ushonaji, ndiye aliyemshonea mdogo sare za shule. Kila mwaka alifumua pindo la sketi na kulishusha, hata ikafika mahali hapakuwa tena na pindo la kushusha. Na nguo za watoto wa mtaani, wasikilizaji, ukizigeuza ndani utakuta kifungo cha ziada kimeshonwa karibu na mshono. Hakuna aliyemwomba. Alijua watoto wanapoteza vifungo.

Sasa tuje kwenye waraka.

Palikuwa na fundi viatu, kiziwi mwenzake, rafiki yake wa siku nyingi. Huyu aliingia hospitali na kidonda mguuni. Akapewa dawa ya usingizi. Alipoamka, mguu haupo. Pengine madaktari walifanya lililofaa, mimi siwezi kuhukumu. Lakini hakuna aliyemweleza. Yeye alidhani anasafishwa kidonda. Fundi Kicheko alipokwenda kumtazama, alimkuta anapapasa shuka pale mguu ulipokuwa, anapapasa tu.

Alirudi nyumbani, akafunika cherehani, akamwambia mdogo wake wavae vizuri kesho wanakwenda wizarani.

Walikwenda. Wakaambiwa warudi. Wakarudi. Walirudi mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wa getini akazoea kuwatolea kiti chake mwenyewe, yeye akasimama. Hatimaye waliingia kwa mkurugenzi, yule anayeshughulikia mambo ya usawa na ujumuishi. Fundi akasema kwa mikono, mdogo wake akatoa sauti. Maneno yalikuwa haya: "Hatuombi upendeleo, mheshimiwa. Tunaomba tujue kisu kinakwenda wapi kabla hakijafika."

Mkurugenzi aliguswa. Sitamsingizia, aliguswa kweli. Na wakati ule serikali ilikuwa imetia saini makubaliano na nchi rafiki kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Ombi likamkuta tayari. Baada ya miezi kadhaa waraka ukatoka, ukapelekwa hospitali zote. Ulisema hakuna kiziwi atakayepasuliwa mpaka mkalimani aliyesajiliwa asimame mbele yake, amweleze, na athibitishe kwamba ameelewa. Daktari atakayekiuka atasimamishwa kazi.

Ni jambo jema, sivyo? Lakini sivyo ndugu hawa walivyoomba. Wao waliomba mgonjwa aelezwe kwa njia yoyote anayoielewa. Kwa maandishi kama anasoma. Kwa picha. Kupitia mama yake au jirani. Fundi Kicheko alisoma na kuandika vizuri, aliandika vipimo vya wateja wake wote. Walipouona waraka walirudi kwa mkurugenzi kuuliza hayo mengine yamekwenda wapi. Akawaambia washirika wa nje wanataka kitu kinachopimika, na mkalimani aliyesajiliwa anapimika.

"Tuanze na hili, dada zangu," akasema. "Mengine tutaongeza."

Fundi alitikisa kichwa, ila alikubali. Alipigwa picha ameshika waraka, ikawekwa kwenye jarida la wizara. Mdogo wake akasajiliwa, akaajiriwa hospitali kubwa ya mji. Mkalimani mmoja kwa hospitali nzima. Mwanzoni alifurahi kama mtu aliyepewa nyumba.

Miaka ikapita. Hayo mengine hayakuongezwa.

Mwaka huu ukaja mkutano. Wajumbe walitoka nchi nyingi kuzungumza juu ya usawa, ujumuishi na ushirikiano wa kimataifa. Wizara ikataka mkalimani asimame jukwaani siku nzima, aonekane. Mkalimani akauliza nani atabaki hospitali. Mkurugenzi akacheka kidogo, akamwambia ni siku moja tu, hospitali haitahama.

Asubuhi ya mkutano, fundi aliamka anashika tumbo. Mdogo wake alimwona ameinama juu ya meza, akamuuliza. Fundi akasema ni chakula cha jana, akamsukuma mlangoni. Alikuwa amemshonea suti ya kijani kwa ajili ya siku hiyo, na alitaka ionekane. Akamwambia kwa mikono: "Nenda. Simama wima, wasije wakasema fundi wako hakupima mabega."

Mdogo akaenda.

Ukumbi ulipambwa bendera. Mlangoni simu zilikusanywa kwenye kikapu, kwa heshima ya wageni. Safu ya mbele ilikuwa na kadi zilizoandikwa kwamba ni ya viziwi. Na ilikuwa tupu. Tangazo la kuwaalika, wasikilizaji wapendwa, lilipitishwa redioni. Redioni. Basi kwa kuwa kamera zilikuwepo na viti vitupu havipendezi, madereva wa wizara waliitwa wakakalishwa pale.

Mkalimani akawatafsiria madereva. Hotuba baada ya hotuba, mikono ikapanda ikashuka, hakuna hata jicho moja lililoihitaji. Mwenyewe anasimulia kwamba dereva mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alimwonea huruma. Akawa anaitikia kwa kichwa kila baada ya muda, kama anayeelewa, ili asijione peke yake. Mpaka leo anamshukuru yule mzee.

Huku nyumbani, mama yao alimkuta fundi amelala sakafuni karibu na cherehani. Jirani akawapeleka hospitali kwa gari lake. Daktari alimpapasa, akajua mara moja. Kidole tumbo, na kimevimba. Inabidi apasuliwe sasa hivi. Halafu akauliza mkalimani yuko wapi.

Mkalimani yuko mkutanoni.

Mama akasema yeye ndiye aliyemzaa, amesema naye kwa mikono maisha yake yote, atamweleza. Daktari akamuuliza kama amesajiliwa. Mama hakuwa amesajiliwa. Ametuambia: "Mwanangu, niliona aibu, kana kwamba nimeulizwa kama mtoto ni wangu."

Fundi alikuwa anaitazama midomo yao. Akaomba kalamu. Muuguzi mmoja, dada mwembamba ambaye mama hamsahau, alimpa yake. Fundi akaandika maneno machache na kuweka saini chini. Aliandika: Nimeelewa. Ni kidole tumbo. Pasueni.

Daktari alisoma. Akasoma tena. Hakuwa mtu mbaya, mama mwenyewe anasema hivyo. Mwenzake alishasimamishwa kwa kumpasua kiziwi bila mkalimani, na mgonjwa yule alipona vizuri kabisa. Huyu ana watoto. Akasema wamtafute mkalimani kwanza, atakuja tu.

Nasema tena kama nilivyoahidi. Daktari alikuwepo. Chumba kilikuwa wazi. Mgonjwa ameelewa, amekubali, ameandika kwa mkono wake. Na wote wanangoja.

Muuguzi alipiga simu. Ililia kikapuni. Akapiga tena na tena. Akamtuma mhudumu wa wodi aende kwa miguu, kwa kuwa barabara za kuelekea ukumbini zilikuwa zimefungwa. Mhudumu akazuiwa getini, hana kitambulisho cha mkutano. Muuguzi akarudi kitandani. Akamshika fundi mkono, akamchorea jua karatasini na mshale, kumwonyesha kwamba kabla halijazama mdogo wake atafika. Fundi, kwa maumivu yale, alimrekebishia kola ya gauni lake iliyokuwa imejikunja.

Katikati ya mchana maumivu yalipungua ghafla. Mama alifurahi. Daktari hakufurahi. Alijua kimepasuka ndani, na bado akangoja mkalimani.

Mkutano ulifungwa kwa makofi. Mkalimani alichukua simu yake kikapuni, akaona zile simu zote, akakimbia na suti yake ya kijani. Alipofika wodini daktari alimpa fomu, hata nafasi ya salamu haikuwepo. Utaratibu unataka mkalimani aulize kwa lugha ya alama, na mgonjwa ajibu. Basi ikabidi amuulize dada yake mwenyewe kama ameelewa anachokwenda kufanyiwa.

Fundi alinyanyua mikono kwa shida. Akajibu: "Mimi niliwaeleza wao. Waulize kama wao wameelewa."

Mkalimani alitafsiri hivyo hivyo. Daktari akainamisha macho, kisha akawaita wasukume kitanda.

Alipasuliwa, lakini usaha ulikuwa umeshasambaa. Siku ya tatu akafariki. Mama na mdogo wake walikuwa pembeni, na muuguzi yule, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha.

Kwenye mazishi mkurugenzi alikuja. Alileta shada kubwa, na mpiga picha. Viziwi walijaa. Mafundi, wachuuzi, walimu, na fundi viatu kwa magongo yake. Ndiyo mara ya kwanza, kwa ninavyojua, mkurugenzi kusimama mbele ya viziwi wengi namna ile. Akatoa hotuba mfukoni. Akasema marehemu alikuwa mwanga wa ujumuishi, akasema waraka wake utaishi. Kisha akamgeukia mdogo wa marehemu, akamwashiria atafsiri.

Mdogo alisimama mikono ameifumbata tumboni. Hakuisogeza.

"Dada, tafadhali," mkurugenzi akamnong'oneza. "Hawaelewi ninachosema."

Mkurugenzi akaendelea kidogo, kinywa kinafunguka, kinafumbwa, na umati wote unamtazama bila kupepesa. Hotuba ilikuwa ndefu, ila ikaanza kumkaukia mdomoni. Ndipo fundi viatu akaegemeza gongo moja kwenye bega la mwenzake na kusema kitu kwa mkono mmoja. Hapo mdogo akafumbua mikono yake, akafanya kazi yake, safari hii kutoka mikononi kwenda sauti.

"Anauliza kama umemaliza, mheshimiwa," akasema. "Wanataka kumzika mwenzao."

Mkurugenzi alikunja karatasi, akasogea pembeni. Wakamzika.

Nimeona taarifa ambayo wizara imewapelekea washirika wa nje. Imeandikwa kwamba mwaka huu, katika hospitali ile, hakuna kiziwi hata mmoja aliyepasuliwa bila mkalimani aliyesajiliwa. Ni kweli. Hakuna uongo ndani yake. Mkalimani ameacha kazi, ameketi kwenye cherehani ya dada yake, anajifunza kunyoosha mshono. Waraka uko vilevile, na hospitali sasa haina mkalimani kabisa. Kiziwi atakayeugua kesho atangoja nani, sijui. Nimeuliza, nimejibiwa kwamba jambo linashughulikiwa.

Mama, pole. Umezaa mtoto mwenye akili na moyo, na hakuna waraka utakaokuuliza tena kama umesajiliwa kuwa mama yake. Mdogo wa marehemu, pole mwanangu. Ulikwenda kwa sababu alikutuma, na ulisimama wima. Sista uliyemshika mkono, popote ulipo, tumekuona. Na ndugu zetu viziwi, ambao habari hii itawafikia kwa mikono ya wengine, poleni sana kwa msiba.

Wasikilizaji wapendwa, katika nyumba nyingi yuko mtu anayesemewa. Pengine ni mzee, pengine mgonjwa, pengine asiyesikia au asiyeona. Tunamsemea kwa nia njema. Tunampangia, tunamwombea, tunamtilia saini. Jioni hii, kabla hamjazima taa, nendeni mkaketi karibu naye. Muulizeni yeye mwenyewe anataka nini.

Halafu nyamazeni, mpaka ajibu.