Edelmira Ocampo, Aliyeuliza Maji Yatapita Wapi

Dada yetu Edelmira Ocampo Zuluaga alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 kwenye mashamba ya kahawa ya Caldas, Kolombia, mtoto wa kwanza wa marehemu Don Aurelio na Doña Fabiola.

Alisomea uhandisi Manizales, akahitimu mwaka 1981. Kwa miaka thelathini na moja alipanga mitaro ya maji ya mvua katika mitaa mipya. Alizoea kutuambia, "Shamba la kahawa hunywa mvua. Paa halinywi hata tone."

Alifunga ndoa na Gildardo Henao tarehe 13 Oktoba 1984. Mvua ilipoanza, bibi harusi alikunja gauni akatoka kanisani. Gildardo akawaambia wageni, "Tulieni jamani, hajanikimbia. Anaangalia maji yanapita wapi." Walijaliwa binti mmoja, Yamile.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa mtaa wetu, Portal del Guadual, mwaka 2012. Alichora bwawa la kupokea maji ya mlimani, na bomba la sentimita tisini la kuyatoa. Alipostaafu, wajenzi wakalaza bomba la sitini, na pale penye bwawa wakasimamisha nyumba kumi na nane. Tulizinunua kwa kujidai: "Hapa pamepangwa na Edelmira!" Mimi, mdogo wake Hernando, nilichukua namba kumi na nne.

Siku ya kwanza aliyonitembelea hakugusa hata aguapanela, kile kinywaji cha sukari guru, niliyomchemshia. Alisimama sebuleni, akatazama sakafu. "Nando, mdogo wangu, unalala ndani ya bwawa langu."

Nilimcheka. "Dada, wewe hata wingu linakutisha!"

Aliandikia manispaa barua saba. Hazikujibiwa.

Moyo ulimsumbua tangu Februari. Kila mvua iliposikika juu ya bati, aliuliza, "Nando katoka?" Wiki iliyopita alituagiza, "Nikifa, sala zangu za siku tisa msizisali nyumbani. Zisalini shuleni, juu kilimani. Watu wa Portal waje wote, na watoto." Tulidhani ni homa inayosema.

Alifariki jana, tarehe 17 Oktoba 2023, saa kumi alasiri, mvua ikinyesha. Nilipokwenda kwangu kuchukua suti ya msiba, maji yalikuwa sebuleni, yamefika vifundoni. Naogopa, ndugu zangu. Nasoma haya huku nikitazama mawingu.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, mimi, na familia kumi na nane alizozihofia kama watoto wake.

Sala zinaanza leo saa kumi na mbili jioni, shuleni. Njooni na mablanketi, tutalala huko.

Dada, sasa pumzika kwa amani. Nando katoka.